Chumvi Haijui Kufuli

Sephora alikuwa mtu wa kuomba radhi kabla hajakosa. Akikanyagwa sokoni, yeye ndiye aliyesema pole. Kwa hiyo Jumanne ile, harufu ilipoanza kutoka chumbani mwao, hakujiuliza inatoka wapi. Alijua tu kwamba itasemwa ni yake.

Na kweli ilisemwa.

"Eh, Sephora!" Prodige aliita kutoka mlangoni pake, ameziba pua kwa daftari. Alikuwa mpangaji wa chumba cha pili, mwanafunzi wa uhandisi chuo kikuu, na ulimi wake haukujua kupumzika. "Ile samaki yako ilikufa mara ngapi? Mara moja haikutosha?"

Wanawake waliokuwa wakichota maji bombani walicheka. Mmoja alijifanya anaanguka, akashikwa na mwenzake. Sephora naye alicheka kidogo, kwa midomo tu, akaingia ndani na kurudisha mlango.

Ua ule wa mtaa wa Nyakabiga ulikuwa na vyumba vitano vilivyopangwa mstari mmoja chini ya bati moja, kama mabehewa. Chumba cha mwisho hakikulala watu. Kilikuwa depo ya mzee Twalibu, mwenye nyumba, aliyehifadhi humo magunia ya maharage na mahindi. Chumba kilichopakana na depo ndicho walichopanga Sephora na dada yake Marguerite, pamoja na Olga, binti wa Marguerite mwenye miaka mitano.

Kazi ya Sephora ilikuwa makayabo, samaki wa chumvi ambao Wakongomani hawachoki kuwatafuta popote walipo. Alinunua sangala wakubwa asubuhi, akawapasua mgongoni, akawafungua kama kitabu, akawapanga kwenye beseni, safu ya samaki na safu ya chumvi. Mchana alifanyia kazi uani. Jioni mabeseni yaliingia chumbani, maana paka wa Nyakabiga hawana dini.

Shule aliiacha darasa la nne, mwaka walipokimbia kutoka Uvira, Kongo. Lakini chumvi aliijua. Mama yake, kabla hajafa, alimkalisha mbele ya beseni akamwambia, "Chumvi haisukumwi na mutu. Inatembea yenyewe. Inatoka penye iko nyingi, inaenda penye iko kidogo, mupaka pote palingane. Haina haraka, lakini haisimame." Akamfundisha na kupima kwa vidole. Nyama yenye unene wa kidole kimoja, chumvi hufika katikati kwa siku moja. Yenye vidole viwili, wajinga husubiri siku mbili. Aliyefundishwa husubiri nne. Yenye vitatu, tisa. Unene ukizidi kidogo, safari inazidi sana. Sephora hakujua kwa nini iwe hivyo. Alijua tu kwamba hajawahi kuozesha samaki.

Ndiyo maana kicheko cha bombani kilimuuma. Lakini kuuma ni kitu kimoja, na kujibu ni kingine. Badala ya kujibu alichana kitenge kikuukuu, akakifanya vipande, akaziba upenyo wa chini ya mlango. Akaziba nyufa za dirisha. Akapanda kwenye kiti akaziba hata lile tundu la hewa juu ya mlango. Kama ni harufu yake, basi ibaki kwake. Isimsumbue mtu.

"Unatufungia kama kuku," Marguerite alisema kutoka kitandani.

"Watu wanasema, yaya," Sephora alimwambia dada yake mkubwa.

"Watu wanasema tangu Adamu." Lakini hakuinuka kuvitoa vile vitambaa.

Jumatano asubuhi Marguerite aliamka kichwa kikimgonga. Olga alitapika uji, akatapika na maji. Ilikuwa msimu wa mvua, kila nyumba ilikuwa na mgonjwa wa malaria, na mgonjwa wa malaria hafanyiwi mkutano. Walinunua vidonge kwenye duka la dawa, wakanywa, wakalala. Sephora mwenyewe aliamka na kichwa kizito na kifua kilichobana, lakini akishakaa uani saa moja hivi, uzito ulimtoka. Alifikiri ni aibu. Aibu aliizoea, alijua namna inavyokaa kifuani.

Alhamisi mvua ilianza kabla ya saa sita mchana. Haikuwa mvua ya kishindo. Ilikuwa ile inayonyesha kama mtu anayesoma orodha ndefu. Sephora alikusanya mabeseni, akayaingiza ndani, akafunga mlango nyuma yake na kurudisha vitambaa mahali pake kwa kidole cha mguu. Marguerite alikuwa amelala kifudifudi. Olga alikuwa amelala ukutani, upande wa depo, alipopenda kulala kwa sababu pale ukuta ulikuwa wa baridi.

Alifunua beseni ili ageuze samaki. Mkono ukabaki hewani.

Hapakuwa na nzi.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kushukuru. Lakini muuza samaki anaishi na nzi kama mchungaji anavyoishi na kupe. Anawalaani mchana kutwa, na wasipokuwepo anauliza kulikoni. Uani, dakika tano zilizopita, walikuwa wamemfuata hata kwenye mvua. Humu ndani hakuna hata mmoja aliyelia. Sephora aliinama. Nzi walikuwepo. Walikuwa sakafuni, chini ya dirisha, miguu juu.

Kando yao alilala mjusi wa ukutani. Alimgusa kwa mwiko. Mjusi aligeuka mzima mzima kama kijiti. Kando ya kitanda palikuwa na mende watatu. Mmoja alikuwa bado anapunga mguu, polepole, kama anayeaga.

Sephora alivuta hewa puani. Harufu ilikuwa pale, nzito kuliko jana. Kwa mara ya kwanza aliinusa kama fundi, si kama mshitakiwa. Ilikuwa na samaki ndani yake, kweli. Lakini ilikuwa na kitu kingine, kama kitunguu saumu kilichooza kwenye mfuko wa plastiki.

Alichukua kisu. Alimtoa sangala mkubwa kuliko wote, aliyelala kwenye chumvi tangu Jumapili, akamkata pale penye vidole viwili kamili, karibu na uti wa mgongo. Kama chumvi haijafika, katikati pangekuwa na wekundu na ulaini, na uozo ungeanzia hapo. Palikuwa peupe. Palikuwa pagumu. Alipagusa kwa ulimi, na chumvi ikamuuma hadi machozi. Akainusa nyama ile. Ilinukia ziwa na chumvi, basi. Akakata wa pili. Akakata wa tatu. Wote walikuwa sawa.

Samaki wake hawakuwa wakinuka. Hawakuwahi kunuka.

Hapo ndipo hofu ilipomshika vizuri, maana aibu walau ilikuwa na jina. Alisimama katikati ya chumba, kisu mkononi, akatazama juu. Ukuta wa depo ulikuwa wa matofali mabichi, umesimama hadi usawa wa kenchi tu. Kutoka hapo hadi kwenye bati hapakuwa na ukuta, palikuwa na mkeka. Ukuta wenyewe ulikuwa na nyufa nyembamba kama nywele.

Akamkumbuka mzee Twalibu, Jumatatu, akiingia depo na kopo la bati na shitingi kubwa ya plastiki, kilemba amekizungusha puani. Alikaa ndani muda mfupi, akatoka haraka, akafunga kufuli, akafunga na kufuli la pili, na jioni ile ile akasafiri kwenda Rumonge kwenye msiba wa mkwe wake.

Sephora alitoka mbio, na katika kutoka, miguu iliyozoea adabu ikarudisha mlango nyuma yake.

Adija, mke wa mzee Twalibu, ambaye wapangaji walimwita Mama Ilias, alikuwa barazani kwake upande wa mbele wa ua, anachambua lengalenga kwenye ungo. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kutosha nyumba mbili.

"Mama Ilias, samahani."

"Karibu, binti. Umeleta ile harufu yako inisalimie?"

"Samahani, Mama Ilias. Mzee... mzee aliweka nini mu depo?"

Mikono ya Adija ilisimama juu ya mboga. "Mambo ya depo yanakuhusu nini weye?"

Siku nyingine Sephora angesema samahani ya tatu, akaondoka. Alifungua mdomo na samahani ikaja hadi kwenye meno. Akaimeza.

"Nzi zinakufa mu chumba yetu. Na mujusi."

"Mujusi!" Adija alicheka, akamwita Prodige aliyekuwa anajikinga mvua ukumbini na madaftari yake. "Prodige, kuya usikie! Sephora samaki yake inaua mijusi sasa!"

"Mi nilisema," Prodige alijibu. "Jeshi wamuchukue."

"Mama Ilias, nakuomba. Aliweka nini?"

Labda ni vile alivyosema. Adija alimtazama vizuri, akaona kisu alichosahau mkononi na magamba yaliyoganda kwenye vidole. Akashusha sauti. "Ni dawa ya wadudu tu. Vidonge vidogo kama pipi, anaweka kati ya magunia. Hatusemi, wateja wasije wakaogopa maharage. Lakini usiwe na wasiwasi. Amefunika na shitingi. Na depo iko na kadena mbili. Itatokea wapi?"

Sephora alitazama midomo ya Adija ikitamka neno hilo la kufuli, kadena, kwa imani ya mtu anayetaja malaika mlinzi. Akaona beseni. Akaona chumvi ikishuka ndani ya nyama isiyo na mlango wala tundu, ikitoka penye wingi kwenda penye uchache, bila kusukumwa, bila kusimama. Kile kilichokuwa depo kilikuwa kingi mno. Upande wa pili wa ukuta kilikuwa hakipo kabisa. Kingengoja nini? Kilipita kwenye shitingi, kikapita kwenye mkeka, kikapita katika tofali lenyewe, polepole, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Na kilipofika chumbani kwao kingeweza kuendelea na safari, kikatoka dirishani, kikapotea katika hewa ya Mungu.

Ila dirisha aliliziba yeye. Mlango aliuziba yeye. Alikuwa ametengeneza beseni, akalifunika vizuri, na ndani yake akamlaza mtoto.

Watu wa ua ule walisema baadaye kwamba hawakuwahi kujua Sephora ana sauti. Walisikia mlio, wakadhani ni mwizi.

"Mutoke! Mutoke inje wote! Iko sumu mu nyumba! Mutoke!"

Aliusukuma mlango ukakwama kwenye vitambaa. Akaupiga bega, ukafunguka. Alivuta pumzi nje, akaifunga kifuani, akaingia. Olga alikuwa jasho tupu, midomo yake rangi ya majivu. Alipomnyanyua, kichwa cha mtoto kiliangukia nyuma kama cha samaki aliyetoka majini muda mrefu. Alimtoa hadi mvuani. Hakujali mvua. Alimlaza kwenye mapaja ya mwanamke wa kwanza aliyemwona, yule yule aliyejifanya kuanguka bombani, akarudi.

"Yaya! Amuka!"

"Acha nilale," Marguerite alisema kwa ulimi mzito. "Ni malaria."

"Apana malaria! Amuka!"

Prodige alikuwa ameshafika mlangoni. Alinusa mara moja, na uso wake ukabadilika. Yale ambayo wiki nzima alikuwa akiyasoma kwa sauti ili yamkae kichwani, jinsi kitu kinavyosambaa kutoka kwenye wingi kwenda kwenye uchache, jinsi unene wa ukuta na ukubwa wa tofauti vinavyoamua kasi, yalikuwa yamemtekenya pua tangu Jumanne na yeye akayaita samaki. Alimshika Marguerite kwapani, Sephora akashika miguu, wakamtoa.

Wapangaji wote walikuwa mvuani sasa. Adija alikuwa anakuja, analia, "Ya Rabi, ya Rabi," na funguo zinalia naye kiunoni. Alikuwa anaelekea depo.

"Nafungua! Nazitupa inje zote!"

Sephora alimkamata mkono. Alimkamata mwanamke wa makamo, mwenye nyumba wake, mkono wenye bangili, akaubana kwa nguvu za mtu anayepasua sangala. "Usifungue. Penye iko nyingi ni mule. Ukifungua, wa kwanza kuipata ni weye."

Adija aliutazama mkono ule, kisha akamtazama mwenye mkono. "Sasa tufanye nini?"

"Madirisha na milango ya vyumba byote ifunguliwe. Mutu asiingie, asiwashe moto. Kwa depo aitwe mwenye kujua."

Hakujua alikotoa maneno yale. Akamchukua Olga mgongoni, akamfunga kwa kanga ya Adija, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Kituo cha afya hakikuwa mbali, na kungoja gari siku hizi za uhaba wa mafuta ni kumngoja marehemu afufuke. Walikwenda kwa miguu, yeye na Olga mbele, Prodige nyuma akimbeba Marguerite nusunusu. Njia nzima Sephora alikuwa anasikiliza pumzi shingoni mwake. Ikija, alihesabu. Ikichelewa, alisimama katikati ya matope.

Mganga wa zamu aliitwa Béatrice, mwanamke aliyechoka, na benchi lake lilikuwa limejaa wenye homa. Alimtazama Olga na kunyoosha mkono kwenye karatasi za malaria bila kuuliza swali.

"Apana," Sephora alisema.

"Apana nini?"

Watu wote benchini waligeuka. Uso ulimwaka. Alitaka Prodige aseme, yeye aliyesoma. Prodige alikuwa ameinama ukutani anahema. Basi akasema mwenyewe, macho yakiwa sakafuni, neno kwa neno: vidonge vya maharage, ukuta wa tofali bichi, siku nne, kichwa kinachoachia ukitoka nje, nzi, mjusi, vitambaa. Vitambaa alivirudia mara mbili. "Mi ndio niliziba, muganga. Ilikuwa inaingia, na mi nikaziba penye ingetokea."

Béatrice alikuwa amesimama zamani. Olga alishapelekwa ndani, barakoa ya hewa ikawekwa usoni, Marguerite kitanda cha pili.

"Nani alikuambia ni gazi ya sumu?" mganga aliuliza, akifunga mpira kwenye mkono wa mtoto.

"Hakuna. Niliangalia samaki."

Béatrice hakuelewa, na hakuwa na muda wa kuelewa. "Nakueleza ukweli, dada. Dawa ya kuitoa hii sumu haiko, si hapa, si kwingine. Tunampa hewa, tunampa maji, tunachunga moyo. Mwili ndio unaitoa, kidogo kidogo. Dada yako ni mutu muzima, naona atainuka. Mutoto ni mudogo. Tungoje."

"Tungoje siku ngapi?"

"Mupaka kesho asubuhi tutajua."

Sephora alikaa chini, kando ya kitanda. Kungoja ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote, lakini samaki hakuwahi kumwogopesha kwa kuchelewa. Alijaribu kujituliza kwa hesabu ya mama yake. Kilichoingia kwa wingi kitatoka kwa wingi, maana sasa nje ndiko kuliko na uchache. Kitatoka, hakisukumwi, kinatembea chenyewe. Lakini hesabu hiyo hiyo ilimgeukia. Unene wa mtoto ni vidole vingapi? Sumu imefika wapi? Imefika kwenye mfupa?

Alinyoosha mkono, akaurudisha. Akaunyoosha tena, akaweka kiganja karibu na barakoa, ili aisikie pumzi kwa ngozi. Ilikuwepo. Nyembamba. Marguerite, kutoka kitanda cha pili, alikuwa anamtazama kwa macho mekundu.

"Sephora. Ni weye uliziba?"

"Ni mi, yaya."

Marguerite alivuta shuka hadi kidevuni. "Na mi nilikuwa mule. Nilikuona. Sikuinuka." Akageuza uso.

Mvua ilikatika. Adija alifika, hana viatu, akasema kwamba ua umehamwa, kwamba mzee amepatikana kwa simu na yuko njiani, kwamba watu wenye barakoa wamekuja depo. Akakaa sakafuni upande wa pili wa kitanda, akaanza kuomba dua chini chini. Prodige alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya milima ya Kongo, na mwanga wake ulikuwa umefika miguuni mwa kitanda, Olga alipokunja uso. Alikunja kama mtu anayetaka kupiga chafya. Kope zikacheza. Aligeuza kichwa, polepole, mbali na kiganja kilichokuwa karibu na pua yake.

"Tantine," alimwita mama yake mdogo ndani ya barakoa, sauti kama karatasi. "Mukono yako inanuka samaki."

Adija aliacha dua katikati. Sephora alitaka kusema samahani. Neno lilikuja kwa mazoea, likafika kwenye ulimi. Kisha akaona kwamba mtoto, macho yakiwa bado yamefumbwa, anavuta tena hewa puani, ahakikishe.

Hakuuondoa mkono. Aliuacha pale pale, unuke.